Kung fu na fimbo za Wafilipino, naweza kushika zote?

SWALI: Jambo wakubwa. Niko kijana wa Kadutu, Bukavu, nafanya Wing Chun, aina moja ya kung fu, tangu niko sekondari. Sasa kuna yaya mmoja wa katiye yetu alirudi toka Kampala akaanza kutufundisha eskrima, ile ya fimbo ya Wafilipino, jioni tunafanya nyuma ya kwao na naipenda sana. Metre wangu alivyosikia akakasirika, eti nitaharibu kung fu yangu. Niache?

JIBU: Usiache mdogo wangu, ila metre wako naye hajakosea yote. Kwenye Wing Chun umezoeshwa kutanguliza mkono mbele, vidole vinamwangalia mtu, unaingia karibu mpaka mikono igusane ndio kazi ianze. Sasa fanya hivyo mbele ya yaya wako akiwa na fimbo uone. Kichwa hata hakitafuti, atagonga kilicho karibu naye, yaani vidole vyako, juu Wafilipino mapema sana wanafundishwa kupiga mkono ulioshika silaha, silaha ikianguka mambo yamekwisha. Ukichanganya hovyo mwili unababaika, unanyoosha mkono pale ungeurudisha kifuani, unarudi nyuma pale ungeingia. Kwa hiyo tenganisha siku: ya kung fu iwe ya kung fu, ya fimbo iwe ya fimbo, angalau mwaka wa kwanza.

Faida iko wapi? Wing Chun inaanza na mikono mitupu, ule mti mrefu na vile visu viwili vipana unapewa mwishoni kabisa, wengine wanaacha mazoezi hata hawajavigusa. Eskrima (wengine wanaita arnis, wengine kali, ni ukoo mmoja) inageuza: siku ya kwanza unashika fimbo, unajifunza mapigo kwa namba kufuata njia yanakopita, mara nyingi mpaka 12, na njia hiyo haibadiliki ukishika panga au ukibaki na ngumi tu. Na mimi nasema wazi, kwenye sale zetu nyingi za kung fu utakuta mtu anacheza fomu ya upanga vizuri mpaka watu wanapiga makofi, lakini hajawahi kurushiwa fimbo na mtu anayetaka kumpata kweli. Metre wako asinikasirikie na mimi.

Tena zinaelewana kuliko unavyofikiri. Chi sao unayoijua, lile zoezi la Wing Chun la mikono kugusana, ina ndugu yake kule kwenye eskrima, hubud, nayo ni mikono inagusana na kupokezana bila kukatika, utaishika haraka kuliko wenzako. Dan Inosanto, mwenye asili ya Ufilipino na mwanafunzi wa Bruce Lee aliyetoka kwenye Wing Chun, amefundisha pande zote mbili maisha yake. Na si mchezo wa mtaani tu, Ufilipino waliitangaza arnis mchezo wa taifa kwa sheria mwaka 2009.

Ila kwa metre nenda mwenyewe umwambie, wanafunzi wengine wasiwepo. Bukavu ni ndogo, habari inafika Nguba kabla wewe hujashuka.

SWALI: Tuko Bagira, fimbo zile hatuna, tukate karatusi?

JIBU: Ya kupiga hewani au tairi sawa, ya kugongana wawili hapana, ni nzito, ikikosea njia inavunja kidole. Mwanzi nao ukipasuka unatoa vipande vikali vinaruka machoni. Wao wanatumia ratani, sisi tunaita kekele, ndani imejaa na ikichoka inachambuka nyuzi nyuzi tu. Waulize mafundi wa viti, chagua kipande kilichonyooka cha karibu sentimita 70, zungushia skochi, na vaeni mawani. Mkipanda taksi mzifiche kwenye mfuko, polisi wa barabarani hana muda wa hadithi za Ufilipino.