Kidari kinataka muda

Mmeuliza wiki hii: "Nyama laini kuliko zote ni sehemu gani ya ng'ombe?" Sarara, kila mtu anajua. Swali lenye kazi ni hili: nyama ngumu hulainikaje? Ndiyo maana nakitetea kidari.

Ng'ombe hana mtulinga. Uzito wa mbele hubebwa na misuli ya kifuani, ndiyo hiyo kidari: nyuzi ndefu zilizoshikwa na utando mweupe. Utando huo huyeyushwa na muda, si ukali wa moto, ukawa ule ute unaoigandisha supu ikipoa.

Kwa kilo 2, bakiza mafuta unene wa nusu sentimita, paka vijiko vitatu vya chai vya chumvi tangu usiku. Kaanga upande wa mafuta kwanza, kisha maji yafike nusu ya nyama, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga. Funika vizuri. Maji yatikisike tu, saa tatu hadi nne.

Kuna sufuria moja ya Idi isiyosahaulika. Saa mbili zilipopita mpishi alichoma uma, nyama ikagoma. Akaongeza makaa. Maji yakatokota, kidari kikanywea. Akatia papai bichi. Nje ikawa uji, ndani kamba ile ile. Ikalaumiwa bucha, na bucha haikuwa na kosa! Saa ya pili kidari huwa kigumu kuliko kilivyoingia: nyuzi zimeshajikaza, utando bado haujayeyuka. Angevumilia saa moja na nusu zaidi kwa makaa yale yale machache, uma ungezama wenyewe. Halafu akakikata kikiwa cha moto, kwa kufuata nyuzi, kila tonge likawa la kutafuna mpaka taya ziume.

Nilitaka kumalizia kwa kuikataa sufuria ya presha. Lakini kwa bei ya mkaa, siwezi. Dakika 60 hadi 70 zinatosha, mradi mvuke utoke wenyewe. Ukiufungulia ghafla, maji yaliyo ndani ya nyama huchemka na kuikausha. Ipumzishe dakika 20. Kidari ni misuli miwili iliyolaliana, nyuzi zake hazielekei upande mmoja, kwa hiyo itenganishe kwanza, kisha kata kila mmoja kwa kukingama nyuzi.

Kwa mishikaki, chukueni sarara. Hapo kidari sikitetei.