Barua kwa mwanangu: jukwaa la mita moja

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Morogoro. Sote hatujambo, na goti la mama yako limepata nafuu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema ulikwenda kwenye tamasha la muziki la Roskilde, huko Denmark, ukakuta mbele ya jukwaa watu wametenganishwa kwa vyuma kama ng'ombe mnadani. Ukaonyeshwa na jiwe lililozungukwa na miti tisa, kumbukumbu ya vijana waliofia pale mwaka 2000. Ukaniuliza: "Baba, umekaa na mitambo ya muziki miaka yote hiyo. Ni kweli muziki wa rock unawatia watu wazimu?"

Hapana, mwanangu. Mara nyingi fujo huwa imeshapikwa kwenye maandalizi, gitaa bado liko kwenye mfuko wake.

Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Ulikuwa uwanja wa besiboli, na sauti zao zilitolewa na spika za uwanja, zile za kutangazia mechi. Monita, zile spika za miguuni zinazomrudishia mwimbaji sauti yake, hazikuwapo. Mayowe ya mabinti yalifunika kila kitu. Wakapiga kama nusu saa bila kujisikia wenyewe. Mimi kama fundi naumia hata kulisimulia. Agosti ya mwaka uliofuata wakaachana na ziara moja kwa moja. Lakini waandalizi walikuwa wameshaona kwamba uwanja unajaa, na hela ikatangulia mbele ya ufundi.

Kinachoniuma zaidi ni Altamont, California, tarehe 6 Desemba 1969. Bendi ya Rolling Stones walitaka kupiga bure. Zikiwa zimebaki siku mbili hivi, mahali pakabadilishwa, wakahamia kwenye uwanja wa mbio za magari. Jukwaa lilikuwa limepangwa kwa ajili ya sehemu ya kwanza, ambako lingekaa juu ya mwinuko, kwa hiyo urefu wa mita 1 tu ungetosha. Kule Altamont likawekwa bondeni, watu kama 300,000 wakiteremka kulielekea kutoka pande zote. Hebu fikiria: jukwaa linalokufika kiunoni! Wa nyuma haoni, anasukuma; wa mbele anajikuta ameangukia miguu ya mpiga gitaa. Ulinzi wa jukwaa wakapewa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki, ujira wao bia. Wakawapiga watu kwa vijiti vya kuchezea biliadi. Kijana wa miaka 18 akachomwa kisu, akafa mbele ya jukwaa huku muziki unaendelea. Mtu aliyekubali jukwaa lile likae bondeni, kwangu mimi, ana sehemu yake katika damu ile.

Nami yalinikuta. Ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa tunapiga kwenye uwanja wa mpira, mji nitauacha, saa tatu usiku jenereta ikazima. Mwandalizi alikuwa ameshaondoka na hela za mlangoni. Chupa ya kwanza ilitua juu ya spika ya besi, ya pili ikanipita sikioni. Nilikuwa nimepiga magoti, kijana wetu ameng'ata tochi, nakwangua uchafu wa chujio la dizeli kwa ukucha. Ndipo mzee wetu wa tarumbeta akapanda juu ya pipa, akajimulika usoni wamwone, akawaambia ukweli: chujio limeziba, tupeni nusu saa. Kisha akapiga tarumbeta peke yake, bila umeme. Watu wakakaa kwenye nyasi.

Kwa hiyo niliposoma habari za Montreal, Kanada, Agosti 1992, nilielewa. Mwimbaji wa bendi ya Metallica aliungua kwa fataki za jukwaani, onyesho lao likakatika. Watu wakangoja zaidi ya saa mbili ndipo bendi iliyofuata, Guns N' Roses, wapande, na mwimbaji wao naye akalalamika koo, akashuka mapema. Uwanja ukalipuka. Magari ya polisi yakapinduliwa.

Roskilde hakukuwa na fujo hata kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha, chini panateleza, umati umebanana, watu wakaanguka na wengine wakawaangukia. Mwimbaji wa Pearl Jam, bendi iliyokuwa jukwaani, alisimamisha muziki akawaomba warudi nyuma hatua tatu. Tisa walikuwa wameshakosa pumzi. Vyuma ulivyoviona vinagawa ule uzito, ili msukumo wa maelfu usimfikie mtu mmoja kifuani. Usivichukie, mwanangu.

Ukienda tena, usigombanie mbele. Tafuta kibanda cha fundi mitambo katikati ya uwanja, usimame karibu yake. Sauti ameipanga kwa masikio yake akiwa hapo, ndipo inaposikika vizuri kuliko kote. Na ukimwona anapumzika, mpelekee maji.

Baba yako.