Kura ya Temeke ilikuwa ya nani?

Swali la wiki la jarida hili liliuliza: "Mbunge anayehama chama, je, anastahili kuaminiwa tena na wapiga kura wake?" Majibu yaliyochapishwa katika toleo lililopita karibu yote yamewaita wahamaji wachumia tumbo, na msomaji mmoja amemtaja marehemu Augustine Lyatonga Mrema kuwa ndiye aliyewafungulia wenzake mlango. Mimi ni mtu wa Temeke, jimbo la Dar es Salaam ambalo Mrema aliwahi kuliwakilisha bungeni. Jina hilo likitajwa kwa mtindo huo siwezi kunyamaza, ingawa sijawahi kuwa mwanachama wa chama chochote kati ya vitatu alivyovipitia.

Kwanza tuhesabu vizuri. Mrema, Mzee wa Kiraracha kama tulivyomwita, aliingia bungeni katika miaka ya 1980 akitokea Moshi Vijijini kwa tiketi ya CCM, wakati ambapo hapakuwa na tiketi nyingine. Mwaka 1990 Rais Mwinyi alimpa Wizara ya Mambo ya Ndani, na hapo ndipo nchi nzima ilipomjua: amri ya siku saba kwa huyu, siku saba kwa yule, na wananchi waliompelekea kesi ambazo nyingine zilistahili kumalizwa na balozi wa nyumba kumi. Alipewa hata cheo cha Naibu Waziri Mkuu ambacho Katiba haikuwa nacho. Kisha akahamishiwa Wizara ya Kazi, na Februari 1995, baada ya kuisema hadharani Serikali aliyokuwa waziri wake katika sakata la Chavda, mfanyabiashara aliyetuhumiwa kufuja fedha za umma, akaondolewa uwaziri, akajiunga na chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Mwaka 1999 akaiacha NCCR na kwenda chama kingine cha upinzani, TLP, na huko akabaki, akiwa mwenyekiti, hadi alipofariki Agosti 2022. Ni kuhama mara mbili katika maisha ya siasa ya zaidi ya miaka 30, na mara ya kwanza alikuwa ameshaonyeshwa mlango.

Kwa hiyo nilikusudia kujibu kwa kifupi kwamba anastahili, kwa kuwa sisi tulichagua mtu na hatukuchagua kadi. Lakini kadiri ninavyolirudia swali ndivyo ninavyoona kwamba limemtanguliza mbunge na kumsahau mpiga kura. Mimi ningeuliza hivi: mbunge akihama, zile kura zilizompeleka bungeni zinabaki kuwa za nani? Kwetu Temeke hilo si swali la darasani.

Wenye umri wanakumbuka hali ilivyokuwa. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulivurugika Dar es Salaam kwa vifaa kuchelewa, matokeo ya majimbo yote 7 yakafutwa na upigaji kura ukarudiwa Novemba, wakati ambapo wagombea urais wa upinzani walikwisha kujitoa. Benjamin Mkapa akatangazwa kwa asilimia 61.8 na Mrema akapata 27.8. Mjini kulibaki watu wengi walioamini kwamba kura yao halisi bado wanayo mkononi. Mbunge wetu mpya alipojiuzulu huku kesi ya kupinga ushindi wake ikiwa mahakamani, uchaguzi mdogo ukaitishwa Oktoba 1996. CCM ikamsimamisha Abdul Cisco Mtiro, na NCCR ikamleta Mrema mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu, sijafikia umri wa kupiga kura. Baba alikuwa wakala wa chama fulani katika kituo cha jirani. Chama chenyewe sitakitaja kwa sababu kilikuwa chake na si changu, itoshe kusema kwamba hakikuwa NCCR. Kituo kilikuwa katika darasa la shule ya msingi. Giza lilipoingia mama alinituma nimpelekee chakula, ugali na samaki wa kukaanga kwenye hotpoti. Askari wa mlangoni aliipokea, akafunua mfuniko akatazama, akaiingiza mwenyewe na kuniamuru nirudi nyumbani. Sikurudi. Nilizunguka nyuma ya darasa, ambako madirisha yalikuwa na nondo tu bila vioo, nikawakuta vijana wenzangu wamekwisha jibanza hapo, na hakuna aliyetufukuza.

Ndani kulikuwa na taa mbili za chemli, moja juu ya meza ya mwalimu na nyingine imetundikwa kwenye msumari kando ya ubao ambao hesabu za kugawanya zilikuwa hazijafutwa. Msimamizi wa kituo, mwalimu mwenye miwani, alinyanyua kila karatasi, akaigeuza upande wa mawakala, akataja jina, kisha akaiweka kwenye fungu lake. Mrema. Mrema. Mtiro. Mrema. Jirani yangu dirishani alihesabu kwa kukunja vidole, na kila alipotimiza kumi alichora mstari ukutani kwa kipande cha mkaa.

Kisha ikatokea karatasi isiyokuwa na alama ya vema. Aliyeipiga, ambaye hatutamjua, alikuwa amebandika dole gumba lenye wino ndani ya kisanduku cha Mrema, likaenea humo lote bila kugusa mstari. Msimamizi akasema kura hiyo imeharibika. Wakala wa NCCR akasema haijaharibika, wakala mwingine akasema sheria inataka alama ya vema, na mara wote wakawa wanazungumza kwa pamoja hadi askari akachungulia. Baba alikuwa kwenye kona akimalizia samaki wake. Alinawa mkono kwa maji ya kwenye chupa, akaomba karatasi isogezwe karibu na taa, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema: "Mtu ameweka dole lake kwa huyu. Mnataka awaandikie barua?" Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akaiweka karatasi kwenye fungu la Mrema. Wakala aliyekuwa akibishia sheria hakumsemesha baba hadi hesabu ilipokwisha.

Kura hiyo moja haikuamua chochote, maana Mrema alishinda Temeke kwa tofauti ambayo dole moja halikuweza kuiongeza wala kuipunguza. Baba alisaini fomu ya matokeo kwa majina yake yote matatu baada ya kuomba kalamu nyingine kwa sababu ya kwanza ilikuwa inavuja. Njiani hakuzungumza habari za uchaguzi hata kidogo. Aliuliza tu kama mama amekumbuka kufunga banda la kuku. Kwa muda mrefu mtaani walimtania kwamba yeye ndiye aliyempa Mrema ubunge, naye alijibu kwamba hakumpa Mrema kitu, alimrudishia mwenye dole kilicho chake.

Yaliyofuata yanajulikana. Ndani ya NCCR Mrema, aliyekuwa mwenyekiti, na katibu mkuu wake, Mabere Marando, hawakuelewana, kikao cha Tanga cha mwaka 1997 kikaishia katika vurugu, chama kikawa na kambi mbili, na mwaka 1999 Mrema akaondoka na wafuasi wake kwenda TLP. Ibara ya 71 ya Katiba yetu inasema kwamba mbunge anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Kwa hiyo kuiaga NCCR kulikuwa pia kuiaga Temeke. Nilikuwa nimekaa barazani na baba tuliposikia habari hizo redioni. Mimi nilisema kwamba Marando ndiye aliyemfukuza. Baba akauliza: "Na yule wa dole gumba, kuna aliyemwuliza?"

Naandika haya nikitaka kumtetea marehemu, lakini swali hilo la baba linanipunguzia hoja. Mwaka 1995 kilichopotea kabla ya kuhama kilikuwa uwaziri wake mwenyewe. Kuhama kwa mwaka 1999 kuligharimu kiti ambacho watu walikipigania katika chaguzi mbili na marudio moja, na mwaka 2000 hakurudi Temeke kuomba radhi wala kura, aligombea tena urais, akapata asilimia 7.8. Mwaka 2005 hakufikisha hata asilimia 1. Sura yake ilikuwa ile ile na sauti ile ile, kwa hiyo wanaosema, kama nilivyosema mimi hapo juu, kwamba wapiga kura huchagua mtu wala hawaangalii kadi, wana kazi ya kueleza waliokuwa robo ya wapiga kura wa nchi walikwenda wapi. Vunjo, jimbo la kwao Kilimanjaro, walimrudisha bungeni mwaka 2010, hilo ni kweli, na Vunjo hao hao wakamwondoa mwaka 2015 na kumpa James Mbatia, aliyebaki katika NCCR ile ile Mrema aliyoikimbia. Najua Mbatia alikuwa na nguvu ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, nyuma yake, kwa hiyo sitaki kulivuta sana tukio hilo upande wangu. Uteuzi wa Mrema wa mwaka 2016 kuongoza Bodi ya Taifa ya Parole, inayoshughulikia wafungwa kuachiliwa mapema kwa masharti, ambao wengi waliucheka, mimi sikuona ubaya wake. Bodi haina wapiga kura.

Je, basi Ibara ya 71 ndiyo inayomlinda mwenye dole? Kwa maandishi, ndiyo: ukihama, kiti kinarudi kwa wananchi. Lakini ibara hiyo inakwenda pamoja na katazo la mgombea binafsi, ambalo marehemu Mchungaji Mtikila alilipinga hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na bado hatujaona mabadiliko. Mtu asiyetakiwa na viongozi wa chama chake hana pa kusimama isipokuwa kwenye chama kingine. Tunawalazimisha kupanga nyumba za watu, kisha tunawacheka wakihama.

Na hata hilo la kiti kurudi kwa wananchi lilikuwa na mlango wa nyuma, ambao Temeke tunaujua kuliko wengi. Novemba 2018, wakati wa wimbi la wabunge wa upinzani kuhamia CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, mbunge wetu Abdallah Mtolea alijiuzulu kutoka chama cha upinzani cha CUF, akajiunga na CCM, akateuliwa kugombea jimbo lile lile, na akatangazwa kupita bila kupingwa. Sheria ilifuatwa. Kiti kiliondoka na kurejea, na hakuna darasa lililofunguliwa, hakuna taa iliyowashwa, hakuna wakala aliyebishania karatasi. Sina ugomvi na mheshimiwa huyo, na inawezekana kwamba angeshinda hata kama tungepiga kura. Hatutajua.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo si lile nililokuwa nalo nilipoketi kuandika, ni kwamba mbunge anayehama anaweza kuaminiwa tena, ila kwa sharti la kurudi kwa watu wale wale katika jimbo lile lile na kupigiwa kura yenye mshindani. Na kama sheria ya wakati huo iliruhusu arudi bila kupigiwa, basi sheria hiyo ndiyo ya kujadiliwa kabla ya kumjadili yeye. Ibara ya 71 ibaki, mgombea binafsi aruhusiwe, na mgombea aliye peke yake aendelee kupigiwa kura ya ndiyo au hapana, kama sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 inavyotaka na kama tulivyokuwa tukimpigia Rais wakati wa chama kimoja. Natambua kwamba kwa sharti langu hilo Mrema wa mwaka 1999 anashindwa mtihani, naye ndiye niliyekuja kumtetea. Hata hivyo, kama mwaka 2000 angeacha mambo ya urais na kusimama Temeke kwa tiketi ya TLP, kura yangu ya kwanza maishani ningempa yeye, ingawa nina hakika kwamba baba asingempa.