Usiikate Chasi Kabla Hujapima: CG Kuukuu Ilivyogeuka Kafe Resa

Tairi la nyuma la pikipiki yangu liligonga kiti kwenye tuta moja kule Mikindani, Mombasa, shemeji yangu akiwa amenishika kiuno. Mlio wake ulikuwa kama wa leso ikipasuliwa. Niliposimama nikainama kutazama, tairi lilikuwa limetafuna nyaya za taa ya nyuma na kuacha mstari mweusi kwenye bomba nililolichomelea juzi yake. Shemeji hakunena neno. Alijipangusa suruali, akasimamisha tuktuk, akaenda zake.

Basi wanaoniuliza pikipiki hii nimeigeuzaje, huwaanzia hapo. Wengi hutaka kujua kiti nimeshonesha wapi na rangi nimechanganyaje. Sijapata aliyeniuliza breki.

Mtindo wenyewe, kafe resa, ni wa Uingereza, miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa London walikutana Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, wakavua kwenye pikipiki zao kila kisichosaidia mwendo, wakashusha usukani ili walalie tangi. Shabaha yao ilikuwa maili 100 kwa saa, kama kilomita 160. CG yangu hugusa kilomita 95 ikiteremka daraja la Nyali na kusi inaisukuma mgongoni. Kwa hivyo tusidanganyane, sisi twajenga umbo. Ila umbo hilo ni la kupunguza, na anayejaza mataa na mabati kisha akaiita kafe resa, sijui huyo anajenga nini.

Wasema mchagua jembe si mkulima, lakini pikipiki chagua. Mimi nilitafuta Honda CG125, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Valvu zake husukumwa na vijiti, haina cheni ya ndani ya kukaza, na iliundwa hivyo kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hupigwa kazi bila kukumbukwa kwa matunzo. Wachina wameinakili injini hiyo hadi basi, ndiyo maana vipuri havisumbui. Yangu ilikuwa boda kwa miaka. Niliichukua kwa Sh38,000, kiti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kabla hujatoa pesa, namba za chasi na injini zilingane na logibuku, ile hati ya umiliki. Zisipolingana rudi nyumbani, hata bei iwe tamu namna gani.

Fundi wangu ni mtu mzima wa Majengo. Siku ya kwanza aliizunguka pikipiki, akauliza, "Mwanangu, wataka iende au wataka ipigwe picha?"

"Yote mawili, ami."

"Haya, tuanze na kwenda."

Wiki mbili hatukugusa umbo. Tulibadilisha viatu vya breki, cheni na sproketi zake, bushi za nyuma. Tulipofungua shingo ya usukani, gololi zilimwagika mchangani kama njugu. Nusu zilikuwa na kutu, na vikombe vyake vimechimbika vishimo mlemle zilimokaa miaka yote. Kumbe ndiyo sababu usukani ulikuwa ukijikwamia katikati. Wewe tandika shuka kuukuu kabla ya kufungua, na uzihesabu. Sisi tulikesha tukipepeta mchanga.

Kosa nililifanya nyumbani, ami akiwa hayupo. Nilikodi grinda, nikakata mkia wa chasi, nikachomelea bomba la nusu duara, na nafasi kati ya tairi na kiti nikaipima pikipiki ikiwa imesimama tupu. Kupima kwenyewe ni hivi: vua shokapu zote mbili za nyuma, inua gurudumu hadi umbali kati ya vishikio vya shokapu uwe sawa na urefu wake zikizama kabisa, ndipo utazame tairi limefika wapi. Hapo ongeza vidole vitatu vya usalama. Ni kazi ya nusu saa. Mimi niliikwepa, na ikanibidi kukata upya na kuchomelea upya.

Wakati wa kuchomelea, tangi litoke na liwekwe mbali kabisa. Hata lililo tupu lina mvuke wa petroli. Fungua nyaya za betri na uchomoe CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi. Na bomba lisigusanishwe ncha kwa ncha tu: tia kipande cha chuma ndani ya maungio, kipite pande zote mbili, ndipo uchomelee.

Usukani nilinunua ile mikono mifupi inayobana fimbo za mbele. Picha ilikuwa nzuri, wallahi, lakini foleni ya Moi Avenue saa kumi na moja jioni ilinifanya nisihisi vidole. Nikaiuza, nikaweka usukani mfupi ulionyooka. Wowote utakaoweka, washa injini uuzungushe hadi mwisho kulia na kushoto. Injini ikipandisha sauti yenyewe, kebo ya mafuta inavutwa, na siku moja itakupeleka ndani ya matatu unapokata kona.

Filta ya hewa ya wazi inavutia macho, ila hewa huzidi mafuta. Kagua plagi: ikiwa nyeupe, kabureta yataka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa kidogo, rangi ya maziwa yenye majani ya chai ndiyo unayoitafuta. Taa ya LED nayo ilikuwa ikipepesa kama ya disko, kwa sababu taa ya mbele ya CG yangu haikupitia kwenye betri, ilitoka moja kwa moja kwenye koili za injini.

Rangi niliipuliza mwezi wa tano, katikati ya masika, nikapata ukungu mweupe juu ya tangi lote. Unyevu wa hewa huingia kwenye rangi kabla haijakauka. Ngoja kaskazi, piga asubuhi jua likishapanda. Kutu ya ndani ya tangi niliitoa kwa siki na konzi ya nati kuukuu, nikitikisa kila nikipita, siku mbili. Kisha maji, magadi, na kukausha papo hapo, maana kwa hewa yetu ya chumvi kutu hurudi kabla ya adhuhuri. Ukibadilisha rangi, logibuku nayo ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya.

Na kama hii ndiyo pikipiki yako pekee, fikiria tena. Keria yangu iko darini, imefungwa gunia. Mtungi wa gesi ukiisha, mke wangu hunitazama, huitazama pikipiki, halafu huita boda.