Nilisoma dini chuoni miaka mitatu, imani haikufa ila haikurudi ilivyokuwa

Mkuu umeuliza kama ni kweli mtu akienda kusoma dini chuoni anarudi hana imani, maana mdogo wako kachaguliwa kozi hiyo na mama yenu hataki hata kuisikia. Naona wengi wamekujibu kwa jazba, nusu wanasema hiyo elimu ni ya shetani, nusu wanasema mwacheni aende akafumbuke macho. Mi nimeipitia hiyo kozi, ngoja nikueleze kilichonikuta, ni ndefu kidogo mwenye haraka apite tu.

Nimekulia Machame, Mlutheri wa kuzaliwa, babu mzaa baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa, yaani kwetu Jumapili habaki mtu nyumbani labda awe mgonjwa wa kulala kitandani. Babu ana ile Biblia ya Muungano nyeusi, kurasa zimelegea kama noti iliyozunguka sana sokoni, na pembeni ya mistari kaandika kwa penseli tarehe alizohubiria. Kipaimara nilikariri katekisimo mpaka "maana yake nini?" ikawa inanijia usingizini. Kwa hiyo nilienda chuo nikijua Biblia naijua, nikajipanga kabisa kwamba wenzangu watakuwa wanakuja kuniuliza mimi.

Wiki ya pili tu lekchara katupa asaimenti ya kitoto, soma Mwanzo sura ya 1 na ya 2 uandike mpangilio wa vilivyoumbwa katika kila sura. Nikaandika kwa kichwa bila kufungua kitabu. Nilipata moja juu ya kumi. Sura ya kwanza wanyama wanatangulia, halafu watu, mume na mke kwa pamoja. Sura ya pili mtu anafinyangwa kwanza, ndo wanaletwa wanyama, mwanamke anakuja mwisho. Hata jina linabadilika, sura ya kwanza ni "Mungu" tu, ukifika 2:4 inaanza "BWANA Mungu". Na hapo sijataja Kiebrania wala nini, ni Kiswahili kile kile kilichomo kwenye Biblia ya babu, nimekisoma tangu Sunday school sijui mara ngapi na sikuwahi kuona. Kumbe miaka yote nilikuwa naisikiliza Biblia, kuisoma nilikuwa bado.

Hiyo nilicheka yakaisha. Iliyonivuruga ni Marko, mwaka wa pili.

Tulifundishwa kwamba nakala mbili za zamani kabisa zenye karibu Biblia nzima, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, Injili ya Marko inaishia 16:8. Wale akina mama wanakuta kaburi wazi, wanakimbia, hawamwambii mtu, "maana waliogopa". Basi. Mstari wa 9 mpaka wa 20 wasomi karibu wote wanakubali uliongezwa baadaye. Sasa angalia kilichomo humo: kunena kwa lugha mpya, kushika nyoka, kunywa kitu cha kufisha kisikudhuru, kuweka mikono juu ya wagonjwa wapate afya. Na "Aaminiye na kubatizwa ataokoka", ambao nimeukariri kipaimara kwenye fundisho la ubatizo, nao umo humo humo.

Wenzangu waliandika notsi kama kawaida. Mi kalamu ilisimama. Nilikuwa namuwaza shangazi.

Nikiwa form six alikuja mhubiri mmoja wa miujiza akafunga turubai karibu na stendi, wiki mbili usiku na mchana spika zinalia. Shangazi ana presha. Akaenda, akawekewa mikono, akasomewa Marko 16:18, akarudi nyumbani anang'aa kwa furaha, vidonge akavitupa chooni maana kuendelea kumeza ni kumwonyesha Mungu huamini. Haikupita miezi miwili akapata kiharusi. Mpaka leo mkono wa kushoto haushiki kikombe, chai anawekewa kwenye bakuli. Mhubiri alishahamisha turubai zamani.

Kwa hiyo siku ile darasani nilikuwa na hasira mbili. Ya kwanza ya yule wa turubai, hiyo unaielewa. Ya pili ndo ilikaa zaidi: kumbe wachungaji wetu waliopita vyuo vya theolojia hili wanalijua! Ni somo la kawaida kabisa, halina siri yoyote. Likizo nikamfuata mmoja ninayemheshimu sana nikamuuliza, mbona hamsemi? Akaniambia kwa upole, "Mwanangu hayo ni ya darasani, ukiyapeleka madhabahuni waumini watayumba." Nikakosa jibu. Ila nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nikawaza, sasa shangazi aliyumbishwa na nani?

Niwe mkweli hapa, kusoma hakukunithibitishia kwamba Mungu haponyi. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa aite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na hiyo barua haina tatizo kama la Marko. Darasani hawakuambii Mungu yupo au hayupo, wanakuonyesha nguzo ipi imesimama juu ya nini, kuishi humo ndani ni shauri lako.

Kitu kingine ni lugha, na hiki nilikipenda. Rumeti wangu alikuwa Mwislamu wa Tanga, siku moja napitia notsi kwa sauti akaanza kucheka. Akanihesabia: imani, dhambi, neema, rehema, sala, nabii, malaika, shetani, injili, yote ya Kiarabu, hata kanisa na msalaba. Na ni kweli, wamisionari akina Krapf walipofika Mombasa 1844, na baadaye akina Steere kule Unguja mpaka Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka 1891, walikuta pwani watu wana msamiati wa Mungu tayari wakauchukua. Na bibi yangu akiomba anamwita Ruwa, jina ambalo Kichaga ni jua pia, lilikuwepo kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajapanda mlimani Kilimanjaro 1893. Mwanzoni niliona kama nimetapeliwa, dini yangu yote ya kuazima. Baadaye nikaona hakuna aliyewahi kuipata bila kuazima, hata hao Wajerumani waliipokea kwa watu. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia hiyo, aliupokea Ukristo karne ya 4, zamani sana kabla ya watu wa Leipzig, na Waethiopia mpaka leo Biblia yao ina vitabu 81, kikiwemo cha Henoko ambacho barua ya Yuda kwenye Agano Jipya inakinukuu mstari wa 14.

Na nyie mnaosema akisoma atafumbuka macho, humu humu kuna mtu kaandika kwamba Konstantino, mfalme wa Roma, alikaa kwenye mkutano wa maaskofu pale Nikea 325 akachagua vitabu vya Biblia. Hapana jamani. Nikea walibishana kuhusu Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vile vile vya Agano Jipya ni ya askofu Athanasio wa Aleksandria, kwenye barua yake ya Pasaka ya 367, mtu wa Misri. Ukisoma vizuri na uongo wa upande wenu unakufa.

Darasa letu kuna aliyeacha kanisa kabisa, kuna wawili ni wachungaji, mi nafundisha sekondari na Jumapili naimba kwaya, besi. Mdogo wako anaweza kuangukia popote hapo. Mwambie tu likizo ya kwanza asije kubishana mezani. Mi nilifanya hivyo Krismasi, mama hakuniongelesha siku mbili.

Babu ndo nilimwambia kwa taratibu, tukiwa wawili kwenye mgomba. Niliogopa maana Marko 16:15, "mkaihubiri Injili", nao umo kwenye ile mistari ya nyongeza, na pale pembeni pana tarehe nyingi kuliko ukurasa wowote. Akafungua, akasoma polepole, akaniuliza, "Kwa hiyo wale mama waliogopa tu, ikaisha?" Nikamwambia ndiyo babu. Akakaa kimya. "Hata mimi ningeogopa." Akachomoa penseli, pembeni ya mstari wa 8 akaandika tarehe ya Jumapili inayofuata, na kweli alihubiri huo.

Shangazi sijamwambia. Miaka sita sasa. Kila nikienda kumsalimia anaomba nimsomee Marko 16, anataka niendelee mpaka mwisho, na mimi namsomea.