Ukitaka 5G ilipe Dar, anza na rauta

Nimeuza laini, bando na rauta (kile kiboksi kinachonasa intaneti ya mnara na kuigawa kwa Wi-Fi) hapa Dar muda wa kutosha kulisema hili bila kumung'unya maneno: kampuni inayowasha 5G, mtandao mpya wenye kasi kuliko 4G, kwa matumaini ya kuuza bando za simu kwa bei ya juu itasubiri sana. Mteja wa Mbagala au Manzese anachouliza ni "GB hizi zinakaa siku ngapi?" Ukimpa kasi kubwa zaidi kwa bando lile lile la buku, litaisha kabla ya saa sita mchana, kisha atarudi dukani kudai mmemwibia.

Vodacom iliwasha 5G nchini Septemba 2022, na mwezi uliofuata TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikanadi masafa ya mawimbi ya redio ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz. Ukiwa mtu wa mauzo, zijue namba hizo kama injinia anavyozijua. Masafa ya 3500 yanabeba data nyingi, lakini hayafiki mbali na ukuta wa tofali unayasumbua. Ya 700 yanakwenda mbali na kuingia ndani vizuri, ila hayabebi mzigo mkubwa. Kuifunika Dar nzima kwa 3500 maana yake ni minara mingi, na kila mnara una pango lake, umeme wake na dizeli ya jenereta. Gharama hiyo hairudi kwa vocha za buku.

Rauta inarudisha. Simu za 5G mtaani bado ni chache na bei yake iko juu, lakini rauta moja ya 5G inawahudumia watu wenye simu za kawaida kabisa, TV ya sebuleni na kompyuta ya stationery. Bei yake ipange kwa kasi ya intaneti, bila kuhesabu GB, uone saluni na ofisi za Kariakoo zinavyolipa kila mwezi.

Ila usimwachie mteja boksi ukaondoka. Kuna nyumba moja Sinza walilalamika kwamba 5G ni jina tu. Tulikuta rauta imejibanza nyuma ya TV, ndani ya kabati, ukuta wa tofali upande wa mnara. Tukaihamishia dirishani, waya wa umeme ukapitishwa juu ya pazia, na mama mwenye nyumba akatuletea soda. Fundi wa kwenda kufunga ni gharama, najua. Kurudishiwa rauta mwezi wa pili ni gharama zaidi.

Halafu kuna mikataba. Makao makuu wanapenda ya miaka miwili. Dar mpangaji analipa kodi ya miezi mitatu au sita, na mwenye nyumba akipandisha anahamia Goba, pengine ambako 5G haijafika. Rauta ishuke yenyewe hadi 4G pale 5G isipofika, na mteja alipe kwa wiki akitaka, kwa pesa ya simu. Mfanyabiashara wa kila siku ana hela ya wiki. Ya mwezi mzima kwa mkupuo hana.

La mwisho linawaudhi mabosi. Mtaani kuna vijana wanaonunua intaneti isiyo na kikomo kisha wanawauzia majirani kwa vocha za saa. Kampuni nyingi huwaona wezi, na kisheria kuuza huduma hiyo bila leseni ni kosa kweli. Mimi ningewasajili. M-Pesa ilipoanza hapa mwaka 2008 ilienea kwa migongo ya wenye maduka waliogeuzwa mawakala, na hawa wa intaneti ni watu wa aina hiyo hiyo: wanajua nani analipa, nani kahama, na umeme wa mtaa unakatika saa ngapi. Waingie chini ya leseni ya kampuni, wapewe bei ya jumla na rauta yenye betri, kamisheni iingie kwenye simu jioni ile ile. Ukiichelewesha hadi mwisho wa mwezi, watahamia kwa jirani yako.