Jalada Lipo, Santuri Haimo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Amekodi kibanda, ana santuri mia nne, nyingine za urithi na nyingine za kununua, na mwezi ujao anafungua. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ami, nifanyeje nisiibiwe?" Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka adhana ya alfajiri. Basi nimeonelea jibu liwe la wote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo: chumba chenye rafu, mashine nzuri, na watu wanaoingia kusikiliza wakasahau kwenda nyumbani.

Duka langu liko Mombasa, huu ni mwaka wa kumi na moja. Miaka ya mwanzo naiacha. Niende kwenye siku ya kwaya.

Mnunuzi mmoja wa Ujerumani alikuwa ameagiza LP, yaani santuri kubwa, ya bendi ya Nairobi ya miaka ya sabini. Tulikuwa tumepatana shilingi 18,000 na pesa imeshaingia. Nikalitoa jalada rafuni, nikavuta santuri ili niifute vumbi kabla ya kuifunga, ikatoka kwaya ya kanisa. Jalada ni lile lile, hata ile kona iliyotafunwa na panya naijua, lakini ndani mna kwaya ambayo nisingeweza kuiuza zaidi ya shilingi mia mbili. Nikajiambia labda nimechanganya mwenyewe. Nikaanza kufungua majalada mengine, moja baada ya jingine. Ilipofika magharibi nilikuwa nimehesabu kumi na moja yenye mgeni ndani.

Kilichonikata maini ni namna zilivyochaguliwa. Jim Reeves, yule Mmarekani wa country, hakuguswa, na rhumba zile zilizokuwa kila nyumba hazikuguswa. Zilizokwenda ni LP za funk za Nairobi, na santuri ndogo za spidi 45 za taarab zenye lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya Assanand and Sons papa hapa Mombasa. Aliyechukua alikuwa na masikio, tena masikio mazuri. Hapo nikamjua ni nani hata kabla sijataka kumjua.

Alikuwa kijana aliyekuwa akiniita ami. Kwa miezi minane hakukosa Jumamosi, na mara nyingi alikuja na mahamri na mbaazi tukala pamoja juu ya kaunta. Alikuwa akija na mkoba wa santuri zake, akisema sindano ya mashine yake imekufa, naomba nizijaribu kwako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsogezea kiti. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma namba zilizochorwa kwenye ile sehemu laini iliyo kati ya wimbo wa mwisho na lebo, ambazo humwambia mtu santuri imetoka kwenye bamba lipi. Nikienda kuswali dhuhuri, namwachia duka. Alikuwa akiingia na kwaya na kutoka na taarab ya Zuhura Swaleh, na mimi nikimwambia karibu tena mwanangu.

Baada ya siku ile hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani.

Miaka ishirini iliyopita nani angeiba santuri? Watu walikuwa wakizitupa. Mambo yalibadilika wageni walipoanza kuzitafuta. Lebo ya Soundway ya Uingereza ilipotoa mkusanyiko wa nyimbo za Kenya za miaka ya 70 na 80, mwaka 2013, wakusanyaji wengi wakaanza kuulizia zile 45 za asili. Na leo bei hazina siri. Mtu anasimama mbele ya rafu yako, anaandika namba ya lebo kwenye simu, anafungua Discogs, tovuti ya kuuzia santuri, anaona nakala kama hiyo iliuzwa kiasi gani. Anayajua hayo wewe ukiwa bado unatafuta miwani.

Kwa hiyo, dada yangu, la kwanza: rafuni weka jalada tupu, santuri ikae nyuma ya kaunta na namba inayolingana na jalada lake. Duka nyingi za Ulaya zimefanya hivyo miaka mingi, na mimi nilikuwa nikiona ni kutowaamini wateja. La pili ni mikoba. Mikoba yote ibaki mlangoni, na wa kwanza kuacha mkoba wake awe yule unayekula naye. LP ina upana wa sentimita thelathini, haifichiki shatini. Ile ya 45 ina sentimita kumi na saba na nusu, inaingia ndani ya koti na mtu anatembea wima. La tatu, fungua jalada. Fungua unaponunua, fungua unapouza, fungua mteja anaporudisha baada ya kusikiliza. Nimelirudia kwa sababu kama ningekuwa nafungua, ningeibiwa moja, si kumi na moja.

Miezi minne baadaye nilikuwa Nairobi, kwenye kibanda cha mwenzetu mmoja. Nikaiona 45 yangu ya taarab. Kwenye lebo ilikuwa na jina la mwenyewe wa kwanza kwa kalamu ya buluu, na nilipoomba iwekwe kwenye mashine ikagonga tk-tk kwenye ubeti wa pili, kama ilivyokuwa ikigonga dukani kwangu. Nikamwambia mwenye kibanda. Akasema, "Mzee, mimi nimenunua kwa pesa yangu. Una ushahidi gani kwamba ni yako?" Sikuwa na picha. Sikuwa na daftari. Aliponieleza sura ya aliyemuuzia, alikuwa ni yule yule kijana. Nikatoa shilingi 6,000, nikainunua santuri yangu, nikarudi na basi la usiku nimeipakata.

Njiani nilimchukia sana yule mwenye kibanda. Lakini tulipopita Voi nikakumbuka jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka 2019 kijana alisimama mlangoni kwangu na sanduku la 45, akataka shilingi 1,500 kwa zote. Sikumwuliza amezitoa wapi. Niliona mali, nikalipa upesi asije akabadili mawazo. Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja amejifunga leso, akiuliza kama nimeona santuri za marehemu mumewe. Nilikuwa nimeshauza nusu. Nilimrudishia zilizobaki, na sikumwambia zile nyingine zilikwenda wapi.

Ndugu zangu wenye maduka, mwizi wa santuri hana pa kuzipeleka ila kwetu. Jirani yake hazitaki, fundi simu hazitaki. Tunazitaka sisi. Tukimfungia mlango, amebeba plastiki tu. Uliza imetoka wapi. Andika jina na namba ya kitambulisho cha anayekuuzia. Akikasirika, mwache aende nazo. Na jueni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamhukumu anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, kifungo cha hadi miaka kumi na minne, wakati wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ni miaka mitatu. Sheria inamwona mpokeaji ni mbaya kuliko mwizi, na mimi siku hizi naiona haki yake.

Jambo jingine: ukimshika mtu, usipige kelele ya mwizi. Mnajua mtaa unavyofanya. Funga mlango, ita askari wa soko, nenda kituoni ukaandikishe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Hakuna santuri ya kulipiwa roho ya mtoto wa watu.

Sasa kila santuri yangu ya zaidi ya shilingi 2,000 ina picha mbili za upande upande, taa imelazwa ili mikwaruzo ionekane, na namba zake zimo daftarini.

Zilizobaki nje ni kumi. Mbili naweza kuzieleza kwa kichwa. Moja ni 45 ya lebo ya Mzuri, tundu la katikati limepasuka kidogo, upande wa pili una muhuri wa zambarau wa duara uliofutika nusu. Nyingine ni ile LP ya Mjerumani: upande wa kwanza una mkwaruzo mrefu uliopinda kama mwezi mwandamo, unaanzia wimbo wa tatu. Haina jalada. Jalada ninalo mimi.